Mti ama Mboga

Juzi mjukuu wangu Wekesa alinipigia simu kutoka nyumbani, kule magharibi, nikiwa kwenye veranda yangu hapa Nakuru nachambua mchele. "Sasa Kukhu," akaanza, maana siku hizi hata nyanya husalimiwa "sasa", na mimi nimechoka kugombana. Akaniambia wamenunua seng'enge, fundi yuko hapo, wanataka kuzungushia boma lote kabla mvua haijashika. "Lakini Kukhu, kuna maua hapa nje ya boma, karibu na lile jiwe kubwa. Mekundu, mengi ajabu, hayana hata majani. Yamejaa pale pale tunataka kuchimbia nguzo. Fundi anasema tulime tutupe. Kwani nani aliyapanda?" Sinia ikanitoka mapajani, mchele ukamwagika wote. Nikamwambia huyo fundi asiguse kitu, apewe chai akae, nitapiga mwenyewe. Kisha nikakaa pale na miguu yangu kwenye mchele, kwa sababu nilipoenda kumzika Mama mkwe wangu ilikuwa kiangazi, nikapita karibu na jiwe lile, nikaona udongo mtupu, nikajua moyoni kwamba yalioza zamani. Kumbe! Miaka yote hiyo yalikuwa chini yakiongezeka, na hakuna mtu aliyeyapa hata kikombe cha maji.

Yalitoka hapa Nakuru, maua hayo, mlangoni pangu, katikati ya miaka ile ya hamsini. Nilikuwa mke mpya wa Zakayo, aliyekuwa fayamani, mchochea moto wa injini ya treni, na tulikaa kwenye nyumba za reli, landhi kama tulivyoziita. Chumba kimoja. Kitanda upande huu, pazia la kitambaa cha maua, meza, viti vya kukunja, na ukutani ovaroli ya kazi ya Zakayo iliyonuka mafuta mazito ya injini hata nikiifua namna gani. Jiko lilikuwa nyuma, la kushirikiana, na mfereji ulikuwa mmoja kwa safu nzima, kwa hivyo maji yalikuwa ni foleni na maneno, maneno na foleni. Mbele ya mlango kulikuwa na kipande cha ardhi, upana wa mkeka. Majirani walikifagia tu. Kiangazi upepo ulileta vumbi jeupe la magadi kutoka ziwani, likaingia kwenye chai, kwenye nywele, kwenye blanketi. Nilitoka kwenye kijani kitupu nikaletwa pale, na nakwambia ukweli, wiki za kwanza nililia kwa sababu ya rangi tu. Hakuna mtu aliyenipiga, hakuna aliyenitukana. Nililia kwa kukosa rangi.

Zakayo hakuwa mtu wa maneno, lakini aliona. Siku moja akaniombea nafasi nikapanda naye treni mpaka Molo. Mayo, baridi ya Molo! Nilishuka meno yakigongana, na mvuke wa injini umefunika kila kitu, halafu mvuke ukapanda, nikaona bustani ya steseni. Nilisahau baridi. Nilisahau hata kwamba nina mume. Kulikuwa na dalia nyekundu, za manjano, za rangi ya zambarau, kila moja ukubwa wa sahani, zimesimama kwenye umande na ukungu bila haya yoyote. Sikuwa najua kwamba ardhi inaruhusiwa kufanya hivyo. Kule kwetu ua lilikuwa kitu kinachotokea njiani kuelekea kwa tunda; hakuna mtu aliyelima shamba la maua ya kutazamwa. Mke wa stesenimasta, mama mmoja Mgoa mwenye sweta mbili, akanikuta nimesimama nimeachama kinywa, akacheka. "Wewe taka hii?" Nikamwambia nataka, lakini kwangu maji ni ya kubeba na udongo ni vumbi, sina maua ya kubembeleza. Akanipima kwa macho. Akapita kwenye vitanda vyake vya maua akinichagulia. "Hii hapana. Hii nalia maji kila siku kama mtoto. Hii hapana, hii nakufa ukienda sokoni. Chukua hii, na hii." Akanipa mizizi ya dalia iliyoshikana mfano wa viazi vitamu, na vitunguu vya gladiola vyenye maganda ya kahawia, vyote kwenye gunia la viazi. "Mvua kuja, naamka. Kiangazi, nalala. Kama nalala, wacha lala. Hapana sumbua." Nilirudi Nakuru nimekumbatia gunia, abiria wakidhani nimebeba chakula.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Mutheu, Mkamba, mke wa fundi wa reli, mwanamke wa kicheko kikubwa na mikono isiyotulia. Yeye ndiye alinisaidia kuchimba, akaniongezea kijiti cha bougainvillea na vya jeraniamu, akaniletea mbegu za kosmos na za maua ya dhahabu, yale ya harufu kali ambayo hata mbuzi hukataa. Sheria yetu ilikuwa moja: mmea wowote unaotaka kuhudumiwa kama bwana mkubwa, mlango uko kule. Siku moja tulienda kutafuta kuni kwenye miteremko ya Menengai, pasi zetu zimefungwa kwenye leso kwa sababu miaka ile hukutoka nje bila karatasi, na kati ya mawe nikakuta kitunguu kikubwa chenye shina nene la madoadoa na majani mapana. "Wacha hiyo," Mutheu akasema, "ni kitunguu cha nyani, ni sumu." Lakini kilikuwa kimeota kwenye ufa wa jiwe, pasipo udongo wa kujaza kiganja, na kilinawiri kuliko mimi. Nikasema huyu ndiye mpangaji ninayemtaka. Nikachimba, nikavipata vingi vimekaa pamoja, nikabeba kwenye leso. Nilivipanda mbele kabisa, vikatoa majani tu, bila ua hata moja, Mutheu akanicheka mwaka mzima.

Mvua ile ndefu ilipokolea, mlango wangu ulikuwa na rangi mpaka watu wa safu nyingine walipita kwetu makusudi. Makarani walivua kofia. Mzee mmoja aliyekuwa akizoa taka alisimamisha toroli lake kila asubuhi mbele ya dalia, akatazama, akatingisha kichwa, akaendelea bila kusema neno. Mimi mwenyewe niliamka nikafungua mlango polepole, nikiogopa kwamba yameondoka. Uji uliniungulia mekoni mara nyingi kwa sababu nimesimama nje natazama gladiola ikifungua ua la chini, kesho la juu yake, keshokutwa la juu zaidi, kama mtu anayepanda ngazi na taa. Sikuelewa jinsi rangi ile yote ilivyokuwa imefungwa ndani ya kitu cha kahawia chenye maganda. Hata leo sielewi, na aliyenieleza kwamba ni sayansi hakunipunguzia kitu.

Mama mkwe alikuja baada ya mavuno ya mahindi. Alishuka na kuku wawili, mtama, na uso uliofungwa. Nilijua alichokuja kuangalia: tumbo langu. Nilikuwa nimeolewa muda wa kutosha watu kuhesabu, na halikuwa na kitu. Lakini alipofika mlangoni hakuangalia tumbo. Aliangalia chini, kwenye rangi zote zile, akadondosha kapu. "Nani amepanda?" Nikasema ni mimi, Mama. Akashika kichwa. "Kwa mkono wako? Wewe mwanamke, unapanda miti kwa nyumba ya mtoto wangu?" Basi hapo damu yangu ikaganda, kwa sababu na mimi nilikulia kule, na nilijua. Mwanamke wa kwetu hupanda maharagwe, hupanda mtama, hupanda mboga zote duniani, mti hapandi. Mti ni wa mwanamume, ndiyo alama ya kwamba ardhi ni yake. Mwanamke akipanda mti tumbo lake hufungika, au mume wake hufa, hivyo ndivyo tulivyoambiwa na hakuna aliyetaka kujaribu. Nilikuwa nimelijua jambo hili tangu utoto, na haki ya Mungu, halikuwa limenipitia akilini hata siku moja, kwa sababu nilipoona dalia sikuona mti. Niliona dalia.

"Hizi si miti, Mama," nikasema. "Ni maua." Akanijibu kwa haraka, "Maua ni kitu gani? Kitu kinachotoka kwa udongo ni mti ama ni mboga. Hakuna ingine." Mutheu aliyekuwa mlangoni kwake na mwiko mkononi akasema, "Basi Mama, tuangalie moja moja." Na Mama, badala ya kung'oa kila kitu kama nilivyotarajia, akapiga magoti. Kuna namna wanawake wa kwetu hutumia sokoni kujua mboga iliyokomaa sana: unabana shina kwa ukucha wa kidole gumba. Ukucha ukizama, mboga ni laini, inapikika. Ukikataa, shina limekuwa kuni. Mama alianzia mwanzo wa kitanda akabana shina baada ya shina, mimi nikimfuata nimejishika tumbo. Dalia: ukucha ukazama. "Mboga." Kosmos: mboga. Gladiola: mboga. Maua ya dhahabu: mboga. Jeraniamu: alibana juu, ukucha ukazama, akabana chini kwa shina, ukakataa. "Mti." Akaing'oa yote na maua yake mekundu, akaitupa njiani. Bougainvillea hakuibana hata, aliitazama tu miiba yake, akaing'oa nayo. Nililia kwa sauti, wacha nisidanganye. Mwishoni akafika kwenye vitunguu vya nyani, akabana shina la madoadoa, maji yakamtoka kidoleni. Akakinusa kidole kile. "Mboga," akasema, "lakini sijaona anayekula." Kisha akasimama na kupangusa magoti. "Sikiliza. Mti haufi kiangazi. Nitarudi kabla ya kupanda. Kitu ambacho nitakipata kimesimama hapa wakati huo, hicho kilitudanganya, na nitaking'oa mwenyewe."

Mama hakuweza kulala kwetu. Mzazi halali chumba kimoja na kitanda cha mtoto wake aliyeoa, na sisi tulikuwa na chumba kimoja. Akalala kwa Mutheu, na ukuta wa landhi ulikuwa wa kuficha uso tu, si maneno. Jioni nikisonga ugali nilimsikia, kwa Kiswahili chake cha kubomoka, akimweleza Mutheu. "Nitarudi. Kama yeye bado iko hivyo, nitamchukua Zakayo nyumbani, kuna msichana. Nimeshaongea na watu wake." Mutheu akasema, "Lakini Mama, bado ni mdogo." Mama akajibu, "Mimi najua kungojea ni nini. Wewe hujui." Mwiko ulibaki kwenye sufuria, ugali ukashika. Nilimpakulia Zakayo ugali wenye harufu ya moshi na mrenda, akala bila kuinua macho. Nilimuuliza kama anajua. Akasema, "Mama akisema, unataka nifanye nini?" Nilimpenda mtu yule miaka mingi, lakini jioni ile ningemmwagia mrenda kichwani.

Akaenda, na mimi nikabaki nikingojea vitu viwili: mwili wangu ufunguke, na bustani yangu ife. Chekesho gani hilo! Dalia zilianza kukunjamana, nikafurahi na kuumia kwa wakati mmoja. Gladiola zikawa majani ya kahawia. Kosmos zikakauka, ndege wakala mbegu. Vitunguu vya nyani vilikuwa vya mwisho. Majani yakawa ya manjano, yakalala, yakatoweka. Vumbi la magadi likaja, likafunika mahali pote, na majirani waliokuwa wakivua kofia sasa waliniuliza kwa utani kama nimehamisha shamba. Nilisema, "Imelala," kama yule mama wa Molo, lakini sikuwa na hakika. Na kila mwezi damu yangu ilikuja kwa wakati wake. Usiniulize zaidi, mwanamke atakayesoma hapa anajua.

Alirudi na treni ya mchana, wiki ambayo mvua ya kwanza ilikuwa imepiga bati kidogo na kwenda zake. Alitazama udongo mtupu, kisha akanitazama tumbo, na hapakuwa na kitu kote kuwili. Sikuona hasira usoni mwake. Alionekana amechoka. Nilimpikia kuku, nikamwandalia viazi vya Molo, akala kidogo akasema kesho tutaongea. Nilijua maana ya kesho. Nilikuwa nimeona vichwa vidogo vikichungulia pale mbele, rangi ya damu, nikadhani uyoga, sikujishughulisha. Nilikuwa nakunja nguo zangu.

Asubuhi nilifungua mlango na kumkuta Mama ameketi chini kwenye udongo, miguu ameinyosha, leso imemteleza kichwani, naye hana habari. Mbele yake, kutoka ardhi tupu, bila jani moja, bila onyo, vitunguu vya nyani vilikuwa vimechanua. Mipira myekundu, ee Mungu wangu, kila mmoja ukubwa wa kichwa cha mtoto mchanga, imejaa nyuzi nyembamba zilizosimama pande zote, na kila uzi una nukta ya dhahabu kwenye ncha. Jua lilikuwa linapanda nyuma ya mabehewa na kupita katikati ya nyuzi zile, na mlango wote ulikuwa mwekundu, ukuta mwekundu, uso wa Mama mwekundu. Mutheu alitoka na ndoo, akaiweka chini. Hakuna aliyecheka. Watu wa foleni ya mfereji walikuja mmoja mmoja na debe zao, wakasimama, na foleni ikavunjika bila mtu kugombania nafasi. Nimeona mengi maishani, nimeona ziwa hili likigeuka waridi kwa heroe mpaka maji hayaonekani, lakini sijawahi kuona tena watu wazima wakinyamaza namna ile.

"Ilikuwa imekufa," Mama akasema bila kugeuka. Nikasema ndiyo, Mama, uliona mwenyewe. "Hakuna mtu amemwagia maji?" Hakuna. Akanyoosha kidole gumba, akabana lile shina lililobeba ua, polepole, akiogopa kuliumiza. Ukucha ukazama. Akaanza kulia. Mimi nilidhani amekasirika, nikapiga magoti kuomba msamaha nisioujua, akanishika mkono akanivuta nikae naye pale chini kama mtu wa rika lake. "Kabla ya Zakayo nilikuwa na msichana," akasema. "Nafula. Alikuwa mkubwa, alikuwa anachota maji. Homa ikamchukua." Na kwa sababu alikuwa msichana ambaye hajaolewa, kule kwetu hazikwi ndani ya boma. Walimlaza nje, karibu na jiwe. Hakuwekewa alama. "Niliona nyasi inaanza kumfunika. Nikasema nitampoteza. Nikachukua kijiti cha mti nikapanda kwa kichwa chake, kwa mkono wangu. Baba mkwe akaona, akang'oa. Akasema nimefunga tumbo. Na likafungika, mwanangu. Miaka mingi. Walikuwa wameleta mke mwingine mpaka lango, ndipo Zakayo akaja." Akapangusa uso kwa ncha ya leso. "Nilipoona jeraniamu yako, nilijiona mimi. Niliogopa."

Kiangazi chote nilikuwa nimeamini kwamba mwanamke huyu anabana mimea yangu kutafuta sababu ya kunifukuza, kumbe kila aliposema "mboga" alikuwa akiniokolea mmea mmoja. Nilichukua kijembe, nikachimba kando kando, nikatoa kitunguu kimoja kikubwa na ua lake, nikampa. Alikipokea kwa mikono miwili. Kuhusu yule msichana aliyetafutwa, nilithubutu kuuliza tukiwa tunakunywa chai, na Mama akapuliza kikombe chake. "Mimi nilingojea. Na wewe utangojea. Hakuna mtu analetwa hapa." Zakayo alikuwa anavaa ovaroli yake ya kazi, akainama kufunga kamba ya kiatu na akakaa ameinama hivyo muda mrefu kuliko kiatu kinavyotaka. Mama alirudi nyumbani na treni, kapu magotini, ua jekundu limechungulia nje ya mfuniko, na alikataa kondakta aliweke juu na mizigo. Mtoto wetu wa kwanza alikuja baadaye sana, na wenzake wakamfuata. Watu walisema mengi. Mimi sikusema kitu, nilikuwa na nepi za kufua.

Basi nilipomaliza kuokota mchele nikampigia Wekesa. Nikamwambia hayo maua yalipandwa na mama ya babu yako, na chini yake amelala Nafula, dada ya babu yako. Akasema, "Kukhu, sikujua Babu alikuwa na dada." Nikamwambia hakuna aliyekwambia, sasa umeambiwa. Akauliza kwa sauti ya chini kama wapitishe seng'enge huku ndani zaidi, ili wasiyaguse. Nikamwambia hapana. Ipitishe nje. Zungusha mpaka nyuma ya jiwe. "Hapo tutaongeza nguzo, Kukhu, na fundi ameshachimba mashimo." Nikasema afukie. Nilimsikia akiondoa simu sikioni, nikasikia upepo wa kule na kuku, halafu sauti yake akimwita yule fundi: "Boss, fukia hayo mashimo. Kuna mtu wetu hapa nje, tunamwingiza ndani."